Chumba Kisicho na Mlango

Hodi ya kwanza ilipigwa ukutani, mchana kweupe, kijana waliyemwita Sufuria akiwa anamenya vitunguu. Haikupigwa mlangoni kama hodi za watu wenye akili zao. Ilipigwa kwenye ukuta wa nyuma wa jikoni, ule ambao upande wake wa pili hakuna kitu isipokuwa kipande cha uwanja kitupu, kamba ya kuanikia nguo na uzio wa matofali. Ilikuwa hodi ya adabu, ya mgeni aliyekuja saa ya chakula na anaona haya kidogo.

"Karibu, pita tu, mlango uko wazi," Sufuria akaitikia bila hata kugeuka.

Halafu ukuta ukapigwa tena, safari hii kwa nguvu, vikombe vikagongana kabatini na kitunguu kikamtoka mkononi. Alitoka nje na kisu chake akaizunguka nyumba. Hakuona mtu. Majani makavu yaliyotapakaa uwanjani hayakuwa yamekanyagwa na yeyote. Kilichomshangaza ni harufu ya saruji mbichi, ile harufu ya jengo linaloanza kupanda, na mtaa mzima hapakuwa na fundi aliyekuwa anajenga. Alirudi jikoni akicheka peke yake, akaamua kwamba ni Ramani, mwenzake wa nyumba, anamchezea. Tumwache acheke, maana kicheko chenyewe hakikudumu.

Walikuwa wanafunzi watatu katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Sufuria alisomea sheria, lakini jina lake alilipata jikoni, kwa kupika vizuri na kwa kukwangua ukoko kabla wenzake hawajanawa. Rula alikuwa mwaka wa tatu wa usanifu wa majengo, msichana mwembamba asiyetoka bila rula ya chuma mkobani, na akiingia nyumba ya watu hutazama dari kabla ya kusalimia. Wa tatu alikuwa mdogo wake Rula, mwaka wa kwanza wa mipango miji. Huyo walimwita Ramani, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akizurura mitaani kwa miguu mpaka akaijua yote kwa kichwa, na ukimuuliza njia anakuelekeza amefumba macho.

Ramani hakuwa na chumba. Angeweza kulala na Sufuria, ila Sufuria alikoroma kama jenereta bovu, kwa hiyo kijana alitandika godoro sebuleni na kulikunja kila asubuhi. Hakulalamika. Hata nyumbani kwao hakuwahi kuwa na chumba, na tangu wakiwa wadogo dada yake alikuwa akimpoza kwa ahadi moja: nikishakuwa msanifu, nyumba ya kwanza nitakayoichora itakuwa na chumba chako. Siku mama yao alipomleta mtoto chuoni alimwambia Rula maneno machache tu. "Mwanangu ndiye huyu, nakukabidhi. Ukinirudishia, nirudishie mzima." Rula aliyabeba maneno yale kuliko alivyoyabeba masomo yenyewe.

Ndipo likaja zoezi la muhula. Kila mwanafunzi wa darasa la Rula aichukue nyumba anayoishi, aipime, aiongezee chumba kimoja, kisha ailete kama modeli ya kadibodi. Rula hakufikiri mara mbili. Alichora chumba nyuma ya jiko, pale pale uwanjani penye majani makavu, akampa mdogo wake. Wasanifu huweka vijitu kwenye modeli zao ili anayetazama ajue ukubwa wa nyumba, kwa hiyo naye akakata kijitu cha kadibodi, na kwa mapenzi tu akaandika chini ya miguu yake kwa kalamu nyembamba: Ramani. Akakisimamisha katikati, akainua kuta, akabandika paa kwa gundi. Muda ulikuwa umemkaba koo, na gundi ya paa ilikuwa haijakauka alipoingia darasani.

Haraka haraka haina baraka. Mbele ya darasa, mhadhiri wao, mwanamke wa miwani minene na ulimi mkali, alitazama michoro iliyoonyesha kijitu kimesimama ndani, kisha akainama akaizunguka modeli kwa macho upande huu na upande ule. Akauliza huyu bwana anaingilia wapi. Darasa likaangua kicheko. Rula aliangalia. Kuta zote zilikuwa nzima. Alikuwa amesahau mlango, amesahau na dirisha.

"Chumba bila mlango si chumba," mhadhiri alisema. "Ni kaburi, au ni nyumba ya mtu asiyetumia milango."

Rula alicheka nao, kama anavyocheka mtu aliyeumbuliwa. Alirudi na modeli nyumbani akaiweka juu ya friji, imeegemea ukuta wa nyuma wa jikoni, akajiambia atakata mlango akishapumzika. Kesho ikazaa kesho, na hodi zikaanza.

Siku hizo hizo sebule yao ilikuwa imejaa vijumba. Darasa la Ramani nalo lilikuwa linajenga modeli, ila yao ilikuwa ya mji, mitaa yote inayozunguka chuo, na kila mwanafunzi alianza na nyumba anayoishi kabla ya kwenda kwa majirani. Kwa kipimo kile nyumba inakuwa ndogo kama kiberiti. Hakuna anayehangaika na mlango wala dirisha; unakunja kadibodi, unabandika, unaweka pembeni. Ili nyumba zisichanganyike, kila mmoja aliandika jina lake chini ya ile anayoishi. Rula alimsaidia mdogo wake kubandika, na jina la Ramani aliliandika yeye, kwa kalamu ile ile.

Baada ya hodi ya pili na ya tatu, Ramani alianza kupenda jikoni. Dada yake alimkuta ameweka kiganja ukutani, kama daktari anayesikiliza tumbo. Alimwambia ukuta una joto. Rula aliugusa akakuta kweli, lilikuwa joto la mwili wa mtu mwenye homa, na rangi ilikuwa inatoka jasho. Kijana alikuwa na vumbi jeupe nywelini ambalo halikutoka kwa kuoshwa. Mezani alitafuna wali, akasimama kutafuna, akatema kokoto kwenye kiganja, akaitazama bila kushangaa na kuendelea kula. Sufuria alijitetea kwamba mchele aliuchagua vizuri. Hakuna aliyemlaumu.

Kisha Rula akarudi kutoka chuoni alasiri moja akakuta godoro la mdogo wake limesimamishwa jikoni, limeegemezwa ukutani, na Ramani amesimama kando yake akiusukuma ukuta kwa bega, polepole, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua.

"Unafanya nini hapo?" aliuliza kwa sauti ya chini, maana kitu fulani kilimwambia asiipandishe.

"Naingia chumbani kwangu."

"Chumba gani, Ramani?"

"Si kile ulichonijengea wewe?" alijibu, na alimjibu kwa upole, kama anamkumbusha.

Halafu akarudi nyuma akaupiga ukuta kwa paji la uso, na akaupiga tena, bila hasira, kwa mpigo ule ule wa hodi, na kila alipopiga kuna kitu upande wa pili kilimpigia jibu, mpaka damu ikaanza kumteremka puani na kidevuni na kudondoka kwenye godoro, na Rula aliyekuwa amemshika kiuno na kumvuta kwa nguvu zake zote akahisi kwamba havuti mtu mmoja, anavuta watu wawili walioshikana mikono kupitia tofali. Sufuria akaingia na mfuko wa mkaa. Aliutupa, akakimbilia. Na kwa kuwa Sufuria hata kwenye msiba lazima aseme neno, akaugeukia ukuta akajaribu kucheka.

"Wewe uliyeko huko, nilishakwambia mlango uko wazi. Pita uende zako, utuachie mtoto."

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Ramani hakugeuka. Alinyoosha mkono wake nyuma, kiwiko kikakunjika upande ambao viwiko havikunjiki, akamdaka Sufuria kifundo cha mkono, akauweka mkono ule juu ya ukingo wa sinki na kuusukuma chini. Mlio wake ulikuwa wa kuni kavu. Mfupa ulitokeza nje ya ngozi, mweupe, na Sufuria akautazama kwa mshangao mkubwa kabla ya kuanza kulia.

"Uko wapi?" ilisema sauti, na ilitoka ukutani na kooni mwa Ramani kwa pamoja. "Umesema uko wazi. Mlango uko wapi?"

Kisha kijana akaanguka sakafuni akalala usingizi mzito, na vidole vyake bado vimeumana kwenye mkono wa rafiki yake, ikabidi vifunguliwe kimoja kimoja.

Hospitali Sufuria aliwaambia ameanguka ngazi. Nyumba yao haina ngazi. Wakati amelazwa, Rula alikaa jikoni akiitazama modeli juu ya friji, na polepole akili yake ikafika pale ambapo moyo ulikuwa umeshatangulia. Aliitelemsha. Alichomeka ncha ya kisu cha kukatia karatasi chini ya paa la kile chumba, akalinyanyua kidogo tu, atoe kijitu kilichomo. Ramani akapiga ukelele sebuleni. Rula alipomfikia alikuta ngozi ya kichwa imechanika kuzunguka paji la uso, mstari mwembamba ulionyooka, damu inamwingia machoni. Alimfunga kwa kanga yake.

Wanasema damu nzito kuliko maji. Sufuria hakuwa damu ya mtu yeyote mle ndani, angeweza kubaki kwa shangazi yake akala na kulala, na bado alirudi na mkono wake kwenye plasta. Hakurudi peke yake. Shangazi alimjua mtabibu mmoja mwenye sifa, na mtabibu mwenyewe alifika siku ya mapumziko, jua likiwa utosini: mtu wa makamo, shati limenyooka kwa pasi, simu ameizima, mkoba wa ngozi kwapani. Alinusa mlangoni akauliza nani anajenga.

Walimfunga Ramani kwenye kiti cha jikoni kwa ile kamba ya kuanikia nguo. Mtabibu alisoma dua zake kwa muda mrefu, sauti yake ikipanda na kushuka, na ukuta ukawa unatoa jasho mpaka likatiririka sakafuni. Kisha akauliza kwa ukali ni nani yumo ndani ya mtoto huyu na ameingilia wapi.

"Sikuingia," sauti ilijibu, na ilikuwa ya uchovu kuliko ya hasira. "Nilikuwa nimekaa pangu, mahali patupu, simgusi mtu. Nikajengewa kuta juu ya kichwa. Nikabisha, nikaambiwa nipite. Nipite wapi?"

"Nani aliyekujengea?"

Macho ya Ramani yalizunguka jikoni nzima kabla ya kutua kwa dada yake. "Huyo," sauti ilisema. "Akanipa na mwenzangu wa kukaa naye. Nikitoka, natoka. Nisipotoka, nakaa naye mpaka aishe."

Rula aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na ndani ya woga ule mlikuwa na aibu, kwa sababu kila neno la kile kiumbe lilikuwa kweli. Alimweleza mtabibu habari ya modeli na yaliyompata Ramani yeye Rula alipogusa paa, akamsihi asiiguse. Mtabibu alimsikiliza nusu. Alisema dawa ya nyumba ya jini ni kubomolewa, ni jambo jepesi, wasomi mnapenda kulizungusha. Aliiweka modeli mezani, akaweka kiganja chake juu ya kile chumba, akagandamiza.

Kadibodi ililia, na mbavu za Ramani zikalia. Kifua chake kilizama upande wa kushoto mbele ya macho yao, na alichokitoa mdomoni hakikuwa ukelele tena, ilikuwa pumzi yenye damu.

"Unamuua!" Rula alimrukia mkono.

"Anayelia si mtoto," mtabibu alisema akimsukuma pembeni, "ni huyo jini." Akagandamiza mara ya pili.

Kamba ilikatika. Ramani aliinuka na kiti chake, na kiti kikapasuka mgongoni mwake, na kabla mtabibu hajageuza shingo kijana alikuwa amempandia kifuani, amemshika kichwa kwa mikono yote miwili, anakigonga kwenye mlango wa friji kwa mpigo ule ule, ule wa hodi, taratibu, akiuliza kila alipogonga: ni huu? mlango ni huu? ni huu? na bati la friji likawa linabonyea, na mtabibu ambaye dakika chache nyuma alikuwa anafokea majini sasa alikuwa anamwita mama yake, mpaka Ramani alipoinamisha uso kama anataka kumnong'oneza jambo, akauma sikio, akavuta, na sikio likaja lote. Alilitema kwenye sinki. Mtabibu alijikokota mpaka nje, akainuka, akakimbia akiwa ameziba upande wa kichwa kwa mkoba wake wa ngozi, na majirani waliomwona walisema hakuchagua njia. Kiatu chake kimoja kilibaki jikoni.

Ramani aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Nguvu zilikuwa zimemwisha ghafla. Kila pumzi ilitoa sauti ya maji kwenye bomba bovu, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

"Mlango," sauti ilisema, kwa upole kabisa.

Rula aliichukua modeli akapiga magoti nayo. Sasa alifikiri kama alivyofundishwa, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushikilia. Chumba kile kilipakana na jiko kwa ukuta mmoja. Akikata mlango hapo, kiumbe kitaingia ndani ya nyumba na kukaa nao. Mkabala wake ulikuwa ukuta unaotazama nje. Ataukata huo. Kitoke nje, kiende zake, wamalizane. Alipima kwa rula yake ya chuma, upana wa mlango na kimo cha mtu, akaweka ncha ya kisu chini ya ukuta, akavuta juu.

Ngozi ya kifua cha Ramani ilifunguka chini ya shati, kutoka mbavu za chini mpaka karibu na bega, na shati likalowa papo hapo. Rula aliona, akaachia kisu.

"Siwezi," alisema. "Sufuria, siwezi, namchinja."

Sufuria aliketi nyuma ya kijana akamshika kwa mkono wake mmoja mzima na kwa miguu yote miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, hakuna mzaha uliobaki. "Ukiachia katikati umemchinja bure," alimwambia. "Malizia, dada. Mimi nimemshika."

Akamalizia. Alikata mstari wa juu, na Ramani akamwita kwa jina ambalo hakulitumia tangu akiwa mtoto mdogo, akamwomba aache, akasema atakuwa mtoto mzuri, atalala sebuleni, hataki chumba tena, na Rula akilia kwa sauti, kamasi na machozi vikimdondokea juu ya kadibodi, aliendelea kuvuta kisu dhidi ya rula kwa sababu mstari ukipinda itabidi urudiwe, akashuka upande wa pili mpaka chini, akaingiza ukucha wake kwenye mkato na kuufungua mlango kwa nje, na kwenye kifua cha ndugu yake ngozi nayo ikainuka ikafunguka upande mmoja, kipande kizima chenye pembe zilizonyooka, na ndani yake mbavu zikaonekana zikienda juu na chini.

Kitu kikapita. Hawakukiona. Hewa ya jikoni ilivutwa yote kwa pamoja mpaka masikio yakaziba, mabaki ya kamba yakaruka, na huko nje uzio wa matofali ukaanguka wote kwa mkupuo mmoja. Harufu ya saruji ilikatika. Ndani ya modeli, kijitu kilikuwa kimelala kifudifudi kwenye kizingiti kipya. Rula alikichomoa kwa vidole viwili, vyote vikiwa na damu ya mwenye jina lake.

"Dada," Ramani alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mbona baridi?"

Madaktari walimshona pande tatu. Walisema hawajawahi kuona kidonda kilichonyooka namna ile, wakauliza maswali, polisi naye akaja akauliza, na kijana akashikilia kwamba hakumbuki. Alipona. Walihama nyumba siku ile ile alipotoka hospitali, na Rula aliichoma modeli na kijitu chake kwenye pipa, akasimama hapo mpaka majivu yakapoa. Hakuna aliyepiga ukelele. Alimpigia mama yao simu akamwambia mtoto yuko salama, ana kovu tu, alianguka kwenye kioo. Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza, na alistahili.

Muhula ulipokaribia kwisha, darasa la mipango miji lilimaliza kazi yake, na Ramani alimwomba dada yake aje kuiona. Modeli ya mji ilikuwa imetandazwa kwenye meza zilizounganishwa katikati ya ukumbi wa chuo, na Rula akikaribia alisahau kidogo yote yaliyopita, kwa maana hakuna kitu alichokipenda duniani kama kuutazama mji kutoka juu. Ilikuwa mitaa yote. Barabara kuu ilikuwepo, na soko, na reli, na vichochoro ambavyo Ramani peke yake ndiye aliyevijua, na nyumba juu ya nyumba juu ya nyumba, nyeupe, safi, zimebanana. Wanafunzi walikuwa wanapiga picha na kucheka. Sufuria alikuwa kwenye meza ya vitafunio, mkono umenyooka kiasi.

Ramani alimwonyesha nyumba yao ya zamani. Hata uwanja wa nyuma aliuweka. Rula aliinama kuitazama, na akiwa ameinama hivyo akaona kitu alichokuwa amekiona tangu alipoingia bila kukiona. Hakuna hata nyumba moja iliyokuwa na mlango.

Aliinuka taratibu. Alikumbuka jikoni, na rula yake, na jinsi alivyojisifu moyoni kwamba anakifungulia kiumbe mlango wa nje. Hakuwa amejiuliza nje ya nyumba ya kadibodi ni wapi. Ni mji wa kadibodi, na vijumba vyake siku zile vilikuwa vimejaa sebuleni kwao. Alikumbuka kwamba kila mtoto wa darasa lile ameandika jina lake chini ya nyumba anayoishi, na kwamba moja ya majina hayo aliliandika yeye, kwa kalamu ile ile.

Watu walianza kuinua vichwa kutazama dari, wakidhani mvua imeanza. Ilisikika hivyo kweli, matone machache juu ya bati, kisha mengi. Lakini jua lilikuwa linaingia kwa madirisha yote, na sauti haikutoka juu. Ilitoka mezani. Ilikuwa hodi ndogo ndogo, za adabu, zikianzia nyumba moja na kuhamia ya jirani, zikishuka barabara kuu na kuingia vichochoroni, mpaka mji mzima ukawa unabisha. Msichana mmoja karibu na dirisha alijipangusa nywele, akatazama kiganja chake kilichojaa vumbi jeupe, akacheka, akamwonyesha mwenzake, na mwenzake naye alikuwa analo. Harufu ya saruji mbichi ilikuwa imeshajaa ukumbini.

Rula aliingiza mkono mkobani akakishika kisu. Alizitazama zile nyumba, akawatazama wale watoto, akajua kila mlango atakaoukata utakuwa kifuani mwa mtu, na kila kitakachotoka kitaingia nyumba ya pili. Hata hivyo aliinyanyua nyumba moja, ile yenye jina la ndugu yake, kwa maana alikabidhiwa huyo amrudishe mzima na hakukabidhiwa mtu mwingine. Ilikuwa na joto. Ilikuwa inapigapiga kwenye kiganja chake kama kifaranga.

Ramani alimshika mkono. Hakumshika kwa nguvu. Paji la uso lilikuwa limeanza kumtoka jasho jeupe, lakini macho yalikuwa yake mwenyewe, ya mtoto yule yule aliyekunja godoro lake kila asubuhi bila kulalamika.

"Usinikate tena, dada," alisema. "Safari hii nitamfungulia mwenyewe."

Akaanza kufungua vifungo vya shati.